Silaha Isiyoua Nayo ni Silaha

Zimezuka duniani silaha ambazo waliozitengeneza huziita silaha zisizoua. Hazitupi risasi, hutupa sauti, mwanga au joto. Twaona ni wajibu wetu kuwaeleza wananchi habari zake, kwa maana jambo hili si la nchi za mbali tu. Limekwisha kufika katika bahari yetu.

Tarehe 5 Novemba, 2005, meli ya watalii iitwayo Seabourn Spirit, iliyokuwa safarini kutoka Alexandria kwenda Mombasa, ilishambuliwa na maharamia nje ya pwani ya Somalia. Mabaharia wake walijitetea kwa chombo kitupacho sauti kali mno upande mmoja, na meli ikaokoka. Hatuwalaumu hata kidogo. Anayerushiwa makombora ana haki ya kujilinda, na kelele ni afadhali kuliko risasi.

Lakini shaka yetu iko hapa. Tarehe 15 Februari, 2012, wavuvi wawili wa Kihindi waliuawa karibu na pwani ya Kerala na askari wa Kitaliano waliokuwa wakilinda meli ya mafuta Enrica Lexie, kwa kudhaniwa kuwa maharamia. Ikiwa mvuvi aweza kudhaniwa haramia akapigwa risasi, aweza pia kudhaniwa haramia akapigwa sauti. Na kwa kuwa silaha yenyewe yaitwa isiyoua, mkono wa mwenye nayo utakuwa mwepesi zaidi.

Mvuvi wa Dunda, Bagamoyo, atokaye usiku kwa ngalawa au mashua, macho na masikio yake ndiyo mali yake. Wataalamu hushauri mfanyakazi asikae katika kelele zipitazo desibeli 85 kwa saa 8. Vyombo hivi vilivyo vikubwa, kwa mtu aliye karibu kabisa, hupita desibeli 140. Uziwi haumwui mtu, bali huiua kazi yake.

Mwaka 1995 mataifa yalikubaliana mjini Vienna kupiga marufuku silaha za leza zilizoundwa makusudi kupofusha watu. Kwa silaha za sauti hakuna mkataba wa namna hiyo. Twasema masikio ya binadamu yastahili heshima ile ile. Twaliomba Shirika la Uwakala wa Meli Tanzania, TASAC, liwatake manahodha watoe taarifa kila wanapotumia chombo hicho katika maji yetu.

Nanyi ndugu wavuvi, msitoke usiku bila taa. Sauti hiyo huenda kwa mstari kama mwanga wa tochi. Kwa hiyo zibeni masikio, geuzeni chombo mtoke katika njia yake, kisha mwende mbali, kwa kuwa nguvu zake hupungua kadiri umbali unavyozidi. Masikio yakiendelea kuvuma, nendeni hospitali upesi. Anayesubiri apone mwenyewe aweza kupoteza usikivu wake na riziki yake pamoja.