Mshambulizi ni Nani? Mbinu za Ushindi katika Karata za Kidijitali

Wachezaji wengi wa karata za kidijitali hushindwa kabla ya kuteremsha karata ya tatu. Sababu si uhaba wa karata zenye nguvu, wala si bahati mbaya inayolaumiwa kila uchao, bali ni kutojua wajibu wao katika pambano: je, wamekuja kushambulia au kujihami? Suala hili lilifafanuliwa na Mike Flores mwaka wa 1999 katika makala kuhusu Magic: The Gathering, mchezo uliobuniwa na Richard Garfield na kutolewa mwaka wa 1993. Hoja yake ni kwamba katika kila pambano mmoja ni mshambulizi na mwenzake ni mlinzi, hata pale ambapo mafungu yao ya karata yanafanana kama shilingi kwa ya pili. Anayekosea kuitambua nafasi yake hujishinda mwenyewe.

Hearthstone, mchezo uliotolewa na kampuni ya Blizzard mwaka wa 2014, unaithibitisha hoja hii barabara. Kila mchezaji huingia ulingoni na fungu la karata 30 na alama 30 za uhai. Zamu ya kwanza hupewa mana 1 ya kutumia, ya pili 2, na kuendelea hadi 10. Kufikia mwisho wa zamu ya tano, basi, mchezaji amepata mana 15 kwa jumla, na mana isiyotumika katika zamu yake hupotea. Anayeanza akiwa ameshikilia karata ya gharama ya 8 kwa tamaa ya ukubwa wake atakuwa amecheza zamu saba kwa mkono uliopungua karata moja. Ndiyo maana karata ghali hurudishwa mwanzoni, mchezo unaporuhusu kubadilisha, isipokuwa na mlinzi anayejua kwa hakika kwamba pambano litakuwa refu.

Chukua mfano wa Fireball, karata ya mana 4 inayotoa pigo la alama 6. Ikielekezwa kwa askari wa mana 2, karata moja imetolewa kwa karata moja, lakini mana 2 zimeteketea bure. Ikielekezwa kwa askari wa mana 4 mwenye uhai wa 5, biashara ni sawa kwa sawa. Ikielekezwa kwa shujaa wa mpinzani, imemwondolea thuluthi ya kumi na tano? La, imemwondolea moja kwa tano ya uhai wake wote, ila askari wake wangali wamesimama. Ni lipi lililo bora? Swali hilo halina jibu mpaka ijulikane anayeuliza ni nani. Mshambulizi anayeitumia Fireball kuua askari mdogo amempa mpinzani muda, nao muda ndio hasa anaouhitaji mlinzi. Mlinzi naye anayempiga shujaa katika zamu ya nne amekimbilia mbio ambazo fungu lake halikuundwa kuzikimbia.

Pana tofauti moja kubwa kati ya michezo hii miwili ambayo aghalabu hupuuzwa. Katika Magic, anayeshambuliwa ndiye huamua ni askari gani atakayezuia pigo. Katika Hearthstone, mwenye zamu ndiye huchagua shabaha, isipokuwa azuiwe na askari mwenye sifa ya kukinga wenzake. Kwa hiyo anayetangulia kuutawala uwanja huchagua mabadilishano yanayomfaa yeye, na mlinzi asiyeweka chochote uwanjani katika zamu tatu za kwanza hujikuta akichaguliwa kila kitu.

Watetezi wa nadharia ya bahati watasema kwamba karata hupangwa na mashine. Ni kweli, lakini hesabu nayo ipo. Anayeanza, hata bila kubadilisha chochote, huwa ameona karata 8 kufikia zamu ya tano. Karata iliyowekwa nakala moja huonekana kwa takribani asilimia 27. Ya nakala mbili, takribani asilimia 47. Mbinu isiyoweza kufaulu bila karata moja ya nakala moja ni bahati nasibu aliyojichagulia mchezaji mwenyewe. Wala umaskini si kisingizio: gharama ya kuunda karata moja ya daraja la juu kabisa, vumbi 1600, inatosha kuunda karata 40 za kawaida, na mafungu ya mashambulizi ya haraka kwa kawaida hutegemea hizo za kawaida.

Linalosikitisha ni kwamba vijana wanaoyajua haya huyazungumza kwa Kiingereza tu, kwa madai kwamba Kiswahili hakina msamiati wake. Madai hayo ni ya kushangaza kutoka kwa watu wa lugha yenye bao. Mcheza bao huanza na kete 22 mkononi kati ya 32 zake, akiziingiza moja moja katika hatua ya namu. Anajua thamani ya kitu kilicho mkononi ambacho bado hakijashuka. Zamu ya kula huitwa mtaji, na isiyokula ni takata. Hearthstone imejaa takata: mchezaji anayetumia mana 2 kujiongezea kinga ilhali uwanja unamtaka apigane ametakata, na neno hilo linaeleza kosa lake kwa ufupi kuliko sentensi nzima ya kukopa. Katika karata zenyewe pana turufu, na pana kuchanga.

Dhana inayoleta ubishi ni ile ya kumtangulia mpinzani kwa matumizi bora ya mana. "Kasi" haitoshi, maana mlinzi naye anaweza kutangulia bila haraka yoyote. "Mwendo" ni neno pana mno. Huenda "zamu" ikafaa zaidi: aliyeua askari wa mana 6 kwa karata ya mana 2 amemzidi mwenzake karibu zamu nzima, na kuna mapambano ambayo huamuliwa na hiyo moja.