Kabla hujatuma hela ya gari, jiulize litamlisha nani

Swali tunaloulizwa kuliko mengine yote ni hili: "Nina dola elfu sita, nichukue gari gani?" Linatoka kwa dada anayefanya kazi za ndani Muscat, kaka aliyeko saiti Doha, mama anayetunza wazee Uingereza. Mara nyingi gari lenyewe wameshalichagua moyoni, na picha wanayo kwenye simu. Wanachotaka kwetu ni baraka tu.

Sisi tunaoshika hesabu hujibu kwa swali: litafanya kazi gani, na mafuta yake atanunua nani? Wapo wanaokasirika hapo. Tunawaelewa. Mtu ametoka nyumbani miaka mitatu, majirani wanasubiri kuona ameleta nini, na gari ndilo linaloonekana barabarani. Lakini tuangalie hiyo hela imetoka wapi. Dada akiweka kando rial 70 za Oman kila mwezi, kwa miezi 36 anakuwa na rial 2,520, ambazo ni kama dola 6,550. Ndani ya hela hiyo kuna alfajiri ngapi za kuamka kabla ya watoto wa watu, na Ijumaa ngapi bila mapumziko? Haifai iishe kwa sababu ya picha ya WhatsApp.

Kwa hiyo maoni yetu tunayasema wazi. Kwa wengi wetu tulioko nje, gari la kwanza lisiwe la kutembelea. Kama bado huna kiwanja, huna akiba ya kukutoa miezi sita mkataba ukivunjika, na wewe mwenyewe hauko nyumbani kulipanda, gari hilo unawanunulia wengine. Tena unawanunulia pamoja na mafuta, matairi na bima, maana kila likisumbua simu itaita kwako.

Tunamkumbuka dada mmoja aliyenunua Harrier akiwa Ghuba, kwa nia ya kulikuta uwanja wa ndege siku ya kurudi. Gari lilifika miezi kumi na minne kabla yake. Kaka yake alilipeleka harusini, msibani, mnadani. Kila mwezi dada alituma hela ya "kagari kako". Siku aliyoshuka kwenye ndege alikodi teksi, kwa sababu gari lilikuwa limepandishwa juu ya mawe likisubiri gia boksi. Kaka hakuwa mwizi. Aliachiwa kitu kisicho na mpango, akakitumia bila mpango.

Sasa tuseme umejipima na gari unalihitaji kweli. Jambo la kwanza ni kwamba bei unayoiona kwenye tangazo la Japani siyo bei ya gari. Kwa Tanzania Bara hesabu huenda hivi. Unachukua bei ya gari pamoja na usafiri na bima hadi bandarini. Juu yake kuna ushuru wa forodha asilimia 25. Kisha ushuru wa bidhaa kwa ukubwa wa injini: gari dogo lisilozidi cc 1000 halitozwi, la cc 1001 hadi 2000 ni asilimia 5, zaidi ya hapo ni asilimia 10. Kisha kuna ushuru wa uchakavu: gari la miaka minane hadi kumi asilimia 15, lililozidi miaka kumi asilimia 30. Mwisho VAT asilimia 18 juu ya jumla yote hiyo. Bado tozo ndogo za reli na forodha, wakala, bandari na usajili.

Tuweke magari mawili mezani, yote ya cc 1500. La kwanza lina zaidi ya miaka kumi, na hadi bandarini ni dola 3,000. Forodha ni 750. Ushuru wa injini ni 187.50. Uchakavu ni 1,125. VAT inakuja 911.25. Jumla ya kodi hizo ni karibu dola 2,974, na gari limefika dola 5,974. La pili halijafika miaka minane, na hadi bandarini ni dola 4,000. Forodha ni 1,000, injini 250, uchakavu hakuna, VAT 945. Kodi ni dola 2,195, na gari limefika dola 6,195.

Umeona hapo? Kule Japani yalipishana dola 1,000. Hapa nyumbani yanapishana dola 221, na la pili ni jipya zaidi na limetembea kidogo. Wengi wetu tunakimbilia la kwanza kwa sababu tunasoma bei ya tangazo tu, halafu mwaka unaofuata tunarudisha hiyo tofauti gereji mara tatu. Kumbuka pia kwamba TRA haiangalii risiti yako peke yake, ina thamani zake kwa kila aina ya gari na mwaka wake. Ndiyo maana wana kikokotoo mtandaoni. Kabla hujatuma hata senti, ingiza aina, mwaka na injini ya gari unalolitaka, uone kodi yake. Na kwa kuwa bajeti ya kila Juni inaweza kugusa viwango, fanya hivyo wiki ileile unayotaka kulipa, usitumie hesabu ya rafiki aliyeagiza mwaka juzi.

Walioko nchi nyingine za nyumbani wana masharti yao. Kenya haipokei gari lililozidi miaka minane, na KRA nao wana orodha yao ya bei wanayotozea kodi. Uganda tangu 2018 wamezuia gari la miaka 15 na kuendelea. Na wewe uliyeko Oman, Dubai au Saudia, gari la bosi unalolisifia kila asubuhi lina usukani kushoto. Kwetu Tanzania, Kenya na Uganda tunaendesha upande wa kushoto wa barabara, na usukani uko kulia. Kwa hiyo akikwambia atakuachia kwa bei ya kutupa, mshukuru, uendelee na safari yako. Ndugu zetu wa Rwanda mambo yao ni kinyume, wao wanataka wa kushoto. Walioko Uingereza wana bahati ya usukani wa kulia, ila wainame waangalie chini ya gari: chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa baridi inakula chuma.

Tukija kwenye mfuko, sisi tungegawa hivi, na kila kiasi tunachotaja ni cha gari lililofika nyumbani na namba zake.

Kama una chini ya dola 3,000, usilazimishe gari. Kwa hela hiyo utapata gari la mkononi ambalo mwenzako amelichoka. Pikipiki ya mkataba kwa kijana unayemfahamu, au kuongeza akiba mwaka mmoja zaidi, ni bora kuliko kununua matatizo ya mtu.

Kama una dola 5,000 hadi 7,000 na shida ni mama kwenda kliniki, watoto shule na soko la Jumamosi, tafuta gari dogo linalojulikana: Passo au Vitz yenye cc 996, au IST. Spea zake zipo hadi wilayani, mafundi wanazijua, na siku ukitaka kuuza halikai. Kama nyumbani barabara ni ya udongo na mnabeba mizigo ya duka, Probox itawafaa zaidi ingawa haina sura. Hatujawahi kumsikia mwenye duka akilalamika kuhusu sura ya Probox.

Kama una zaidi ya hapo na familia ni kubwa, Noah inabeba watu saba au wanane kwa injini ya cc 2000. Ukivuka cc 2000 ushuru unapanda na mafuta yanapanda kila siku ya Mungu. Gari kubwa la juu lisubiri mpaka mwenye kuliendesha na mwenye kulilipia wawe mtu mmoja.

Wa biashara ndio tunaowaonea huruma zaidi, kwa sababu wameshaahidiwa hesabu ya kila siku. Tuseme lile gari la dola 6,195 ulilifanya teksi. Kwa dola moja shilingi 2,600, ni milioni 16 na ushee kabla ya wakala na bandari. Tuseme dereva analeta 25,000 kwa siku, siku 26: ni 650,000 kwa mwezi. Toa sevisi 80,000. Tenga matairi na matengenezo 150,000. Bima, leseni ya LATRA na maegesho, gawanya kwa mwezi, 60,000. Anayelisimamia 60,000. Kodi ya mapato 40,000. Imebaki 260,000. Kwa mwendo huo hela yako itarudi baada ya miezi 62, yaani miaka mitano na miezi miwili, na hapo gari halijalala gereji hata wiki moja, na dereva hajasema "leo mzunguko mbaya". Badilisha namba zetu uweke za mjini kwako. Kama jibu likizidi miaka mitatu, sisi tungeiacha. Gari litakuwa limechakaa kabla halijajilipa.

Wapo wanaotupinga hapa. Wanasema benki inakata, kiwanja kina migogoro, na ndugu wakijua una hela wataimaliza, bora gari, angalau ni kitu. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake. Hela iliyolala kwenye akaunti ya kaka haiko salama kuliko gari. Ila dawa yake ni akaunti yenye jina lako na namba ya siri unayoijua wewe. Benki kadhaa za nyumbani zinafungulia akaunti watu wa diaspora bila kurudi. Gari linashuka thamani kila siku hata likiwa limefunikwa turubai.

Ukiamua kununua, shikilia mambo haya. Lipa kwenye akaunti ya kampuni yenye jina lilelile lililo kwenye ankara, kamwe siyo kwa mtu binafsi anayekuambia "mimi ni wakala wao". Omba karatasi ya mnada: daraja la R au RA lina maana gari liliwahi kupata ajali na kutengenezwa. Linganisha kilomita za dashibodi na zilizoandikwa kwenye hati ya kuuza nje. Hela ya kodi iwe mkononi kabla meli haijatia nanga, kwa sababu gari likichelewa kutoka bandarini linatozwa la kukaa pale, na tumewaona watu wakikopa ili kuokoa gari lao wenyewe. Kadi iandikwe jina lako, kwa TIN yako. Anayekufuatilia mpe hati ya uwakala iliyothibitishwa, inayosema wazi kwamba anatoa gari bandarini na kulisajili, na haruhusiwi kuliuza wala kuliweka rehani. Ndugu wa kweli hatakasirikia karatasi hiyo. Akikasirika, umeokoa dola elfu sita.

Yule dada wa Harrier alirudi Ghuba kwa mkataba mwingine wa miaka miwili. Safari hii alitutumia hesabu kabla ya picha: Probox, cc 1500, miaka saba, ya kubeba mboga za mama yake kwenda sokoni, na mafuta yanatoka kwenye mauzo ya mboga. Kodi ameitenga, kadi itakuwa jina lake. Tulimjibu kwa neno moja, kwamba alipe.

Wewe unayesoma hapa chumbani kwako baada ya kazi, kabla ya kutuma chukua karatasi uandike mistari mitatu: gari litafanya kazi gani, kwa mwezi litakula shilingi ngapi, na hizo shilingi zinatoka mfukoni mwa nani. Kama mstari wa tatu una jina lako na wewe uko mbali, subiri kwanza.