Ketoni za jimu tunazijua, za mtoto je?

Watu wa jimu mnakijua kinywaji cha ketoni. Chupa ndogo, bei kali, ladha ya kukunja uso. Sina neno, pesa ni zenu. Ila kuna watoto ambao kwao ketoni si mbwembwe.

Ukikaa bila kula, ini lako hugeuza mafuta kuwa ketoni ili ubongo usikose nguvu sukari ikipungua. Wapo watoto waliorithi hitilafu, mafuta hayo hayatumiki mwilini. Wakilala njaa sukari inashuka, ketoni nazo hazipo, wanazimia au wanashikwa na degedege. Mwaka 2003 jarida la Lancet lilieleza habari za watoto wachache wenye aina kali ya ugonjwa huu, MADD, waliopewa ketoni za kunywa. Mmoja alikuwa amepooza kabisa. Akarudi kutembea! Lakini tiba hii bado inachunguzwa, kwa hivyo tafadhali usimpe mtoto chupa yako ya jimu.

Sasa njoo Mbita. Mtoto akiwa na homa usiku kucha, akatae uji, asubuhi azimie, sote tunasema malaria. Mara nyingi ni kweli, mbu wa ziwani hawana mchezo. Lakini yule mmoja mwenye hitilafu ya mafuta tutamjuaje, na Kenya haina mpango wa kitaifa wa kupima kila mtoto mchanga magonjwa haya?

Kinachoniudhi ni kwamba kipimo chenyewe huanza na matone ya damu ya kisigino kwenye karatasi. Karatasi hiyo wauguzi wa Homa Bay wanaijua vizuri: watoto wa akina mama wenye HIV huchukuliwa damu hivyo hivyo wakiwa na wiki sita. Hapa ingebidi kuchukua mapema zaidi, siku za kwanza, na kupata mashine ya kuisoma. Tuanze na hilo kabla ya kuota dawa mpya.

Mtaniambia magonjwa haya ni nadra. Nadra kwa hesabu ya nani, na hatujahesabu? Tena wengi wakijulikana mapema hawahitaji makubwa: kulishwa mara kwa mara, wasishinde njaa, na wakiugua wawahishwe hospitali wawekewe glukosi. Uji Mbita upo.