Motokari ya Umeme na Moshi wa Jikoni

Kijana mmoja alikuja kumwangalia mama yake hospitalini. Akatoa simu yake, akanionyesha picha ya motokari mpya. Akasema, "Baba mwuguzi, tazama. Hii haina bomba la moshi nyuma. Hainywi esansi wala mazutu, inakula umeme tu. Siku zitakapojaa hapa Lubumbashi, kikohozi kitakwisha." Mama yake alikuwa amelala kitandani karibu nasi, akipumua kwa shida sana. Mama huyo hajawahi kuwa na motokari. Kwa miaka arobaini amepika kwa kuni na makala. Nilimjibu kijana kwa maneno machache, kwa maana wagonjwa walikuwa wengi asubuhi ile. Sasa nataka kumjibu vizuri zaidi, nanyi wasomaji mkisikia.

Kwanza, kijana alisema jambo la kweli, wala sitaki kumcheka. Mafuta yakiungua ndani ya mashini ya lori hayaungui yote. Yanatoa masizi meusi na hewa zenye sumu. Tena masizi yaliyo mabaya zaidi ni yale yasiyoonekana kwa macho. Ukipanga chembe thelathini za namna hiyo moja kando ya nyingine, ndipo zitafikia unene wa unywele mmoja. Vumbi kubwa la njiani hushikwa na nywele za puani na makamasi. Unapiga chafya, linatoka. Lakini chembe hizi ndogo hupita. Zinashuka mpaka mwisho wa mapafu, mahali hewa inapoingia katika damu, na nyingine zinaingia katika damu yenyewe. Kwa sababu hiyo moshi hauleti kikohozi peke yake. Unaleta pia ugonjwa wa moyo, na kupooza kwa upande mmoja wa mwili, na kansa ya mapafu. Mwaka 2012 wataalamu wa kansa wa Shirika la Afya Ulimwenguni walitangaza kwamba moshi wa mazutu unaleta kansa kwa wanadamu. Mama anayeuza mikate kutwa nzima kando ya njia ya malori, na mtoto wake mgongoni, na afahamu neno hili.

Wako watu wanaosema kwamba moshi ni alama ya maendeleo. Wazee wa Lubumbashi walizoea kutazama bomba kubwa la kiwanda cha shaba. Tanuru la kwanza liliwashwa mwaka 1911, na moshi ukitoka watu walifurahi, maana palikuwa na kazi na posho. Hata katika nchi za Wazungu walifikiri hivyo zamani. Katika mwezi wa Desemba mwaka 1952, moshi wa makaa ya mawe ulichanganyika na ukungu juu ya mji wa London, na upepo haukuvuma kwa siku tano. Watu walitembea mchana wakipapasa kuta kama vipofu. Hesabu ya kwanza ilisema watu 4,000 walikufa. Wataalamu waliopima tena baadaye walisema huenda walifika 12,000. Serikali yao ilitoa sheria ya kuzuia moshi mwaka 1956, yaani baada ya mazishi.

Habari ya risasi katika esansi ni mbaya zaidi. Mwaka 1921 Mmarekani mmoja, Thomas Midgley, aliona kwamba esansi ikitiwa risasi kidogo mashini inakwenda vizuri bila kugonga. Waganga walijua tangu zamani kwamba risasi ni sumu. Walionya. Hawakusikilizwa. Motokari za dunia nzima zikatapika risasi hewani, na watoto wakaivuta, nayo inaharibu akili ya mtoto anayekua. Nchi ya mwisho kuacha kuuza esansi hiyo kwa motokari ilikuwa Algeria, mwaka 2021. Miaka mia moja ilipita. (Wale wanaofungua batri kuukuu za motokari na kuyeyusha risasi yake nyuma ya nyumba, wajue kwamba sumu ni ile ile. Mahali hapo watoto wasicheze.)

Basi nani hatapenda motokari isiyo na bomba? Huko Norway, mwaka 2024, katika kila motokari mpya kumi zilizouzwa karibu tisa zilikuwa za umeme. Shenzhen, mji mkubwa wa China, uligeuza mabasi yake yote kuwa ya umeme kufikia mwisho wa mwaka 2017, nayo yalikuwa zaidi ya 16,000. Mahali basi hilo linaposimama, watu wanaongoja hawapakwi masizi usoni. Ni kweli kwamba magurudumu yake bado yanakwaruza njia na kutoa vumbi, kwa hiyo si safi kabisa. Lakini kati ya hilo na lori la mazutu lenye miaka thelathini, hakuna mganga atakayeona shida kuchagua.

Shida yangu ni nyingine. Je, motokari kuukuu zilizoachwa na wale wanaonunua mpya zinakwenda wapi? Mwaka 2020 shirika la Umoja wa Mataifa linaloangalia mazingira lilitoa hesabu. Tangu mwaka 2015 mpaka 2018, motokari ndogo milioni 14 zilizokwisha kutumiwa zilitoka Ulaya, Japani na Marekani kwenda kuuzwa katika nchi nyingine, na katika kila kumi, nne hivi zilikuja Afrika. Nyingi zilikuwa zimeharibika vyombo vya kusafisha moshi, au vimeng'olewa na kuuzwa peke yake, kwa maana vina madini ya thamani ndani. Hivyo mji mmoja unaoga, na maji machafu yanamwagwa katika ua wa jirani.

Tena iko habari ya batri. Batri nyingi za motokari hizo zinahitaji kobalti, na kobalti ya dunia, zaidi ya nusu, inatoka katika nchi yetu, hasa upande wa Kolwezi. Siku hizi wako wanaotengeneza batri za chuma zisizo na kobalti, na jambo hilo ni jema, lakini uchimbaji haujakwisha. Katika mwaka 2014, katika mtaa wa Kasulo mjini Kolwezi, iligunduliwa kwamba madini yako chini ya nyumba za watu. Wakachimba uani, wakachimba sakafu za vyumba. Vumbi likaingia katika unga, katika maji, katika blanketi za watoto. Wataalamu wa Lubumbashi na wa Leuven huko Ubelgiji wakapima mikojo na damu za watu wa Kasulo, wakatangaza mwaka 2018 kwamba kobalti imezidi sana mwilini mwao, na watoto kupita wakubwa. Mwaka 2020 walitangaza neno jingine baada ya kuchunguza watoto waliozaliwa Lubumbashi. Watoto wenye viungo visivyo kamili walionekana zaidi kwa akina baba wanaofanya kazi ya migodi. Mchimbaji anaporudi nyumbani na vumbi katika nguo, anamkumbatia mkewe mwenye mimba. Hajui. Basi na avue nguo za kazi nje, aoge, na nguo hizo zifuliwe peke yake. Lakini je, ni haki kumwachia mchimbaji na sabuni yake mzigo wote? Wenye migodi wana maji ya kulaza vumbi. Wana fedha za vitambaa vizuri vya kufunika pua na mdomo. Ikiwa batri inauzwa kwa sifa ya kuleta hewa safi, hewa hiyo ianzie mahali inapochimbwa.

Sasa nafika kwenye neno ambalo sikupata nafasi ya kumwambia kijana yule. Motokari ya umeme inataka umeme. Na nchi yetu imepewa maji mengi yanayoanguka, kiasi kwamba karibu umeme wote tulio nao unatoka katika mito, bila moshi. Mashini za Mwadingusha zilianza mwaka 1930, kwa ajili ya shaba. Inga ya kwanza ilifunguliwa mwaka 1972 na ya pili mwaka 1982. Kutoka Inga ulijengwa waya mkubwa wa kilometa 1,700 hivi mpaka Kolwezi, tena kwa ajili ya shaba. Waya huo unapita juu ya vijiji vingi ambavyo havina hata taa moja. Mama anapuliza kuni chini, na umeme unakwenda zake juu ya kichwa chake. Mpaka leo, kati ya Wakongo watano, wanne hivi hawana umeme nyumbani. Na wale walio nao mjini wanajua mara ngapi unakatika kabla wali haujaiva, ndipo mbabula inawashwa tena.

Kwa hiyo nasema wazi: umeme ufike jikoni kabla haujafika barabarani. Najua wako watakaokasirika, hasa wale wenye uwezo wa kununua motokari hizo. Lakini mimi nahesabu vifua. Shirika la Afya Ulimwenguni lilihesabu kwamba moshi wa kupikia ndani ya nyumba uliua watu milioni 3.2 katika mwaka 2020, na kati yao watoto zaidi ya 237,000 wasiofika miaka mitano. Mtoto anayekaa katika moshi wa jiko yumo hatarini kupata homa ya mapafu karibu mara mbili kuliko yule asiyekaa ndani yake. Sisi wauguzi tunawaona. Namwuliza mama, "Unapopika, mtoto anakuwa wapi?" Ananijibu, "Mgongoni, Baba. Nimwache na nani?" Sina la kumjibu. Njia iliyojaa malori inamwumiza mtoto huyo anapopita, lakini jiko linamwumiza mara tatu kila siku, na mlango umefungwa kwa sababu ya mvua.

Tena moshi wa jikoni haubaki jikoni. Panda mahali palipoinuka jioni, utazame mji. Ule utandu wa bluu ulio juu ya mabati hautoki kwenye malori peke yake. Ni mbabula za mji mzima zimewashwa saa moja, pamoja na takataka zinazochomwa, pamoja na zile mashini ndogo za kutoa umeme zinazonguruma mbele ya maduka kila umeme unapokatika. Leta motokari mpya elfu moja katika mji huo, utandu utabaki pale pale. Leta umeme usiokatika, na bei ambayo mke wa mfanyakazi anaweza kulipa, utaona nyota.

Mtu atasema, "Je, barabarani tusifanye lolote?" Sivyo. Tuanze na vyombo vinavyobeba wengi na kuzunguka kutwa. Basi moja la umeme linaondoa moshi mwingi kuliko motokari ya tajiri inayolala siku nzima chini ya mti. Pikipiki za kubeba watu nazo ni nyepesi, batri yake ni ndogo, na mwendeshaji mwenyewe ndiye anayevuta moshi wa wote walio mbele yake. Hapo hata umeme kidogo unatoa matunda. Na wakubwa wa mji wanaweza kulisimamisha lori linalotoa moshi mweusi kama usiku na kulirudisha kwa fundi. Jambo hilo halingoji Inga ya tatu. Linangoja mtu asiyepokea noti mkononi.

Kwa wale ambao umeme hautawafikia mwaka huu wala mwaka ujao, nami nadhani ni wengi, yako mambo ya kufanya kwa mikono. Pika nje chini ya kibanda, hali ya mvua ikiruhusu. Ikiwa jiko ni la ndani, toboa njia ya moshi juu, upande upepo unaokwenda. Kuni mbichi zianikwe kwanza. Sufuria ifunikwe, chakula kitaiva upesi na makala yatabaki. Mtoto akae mbali na moto, hata kama ni kwa bibi yake. Na katika miezi ya Juni na Julai, wakati wa baridi ya Katanga, usiingize mbabula katika chumba cha kulala. Makala mekundu yasiyo na moshi yanadanganya. Yanatoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Mtu anasikia kichwa kizito, anadhani ni usingizi, na asubuhi jirani wanavunja mlango. Ukisikia kichwa kinauma karibu na moto wa makala, toka nje mara moja, uwatoe na wengine.

Mama wa kijana yule alirudi nyumbani siku ya tisa. Kifua chake hakitakuwa kama zamani, kwa maana mapafu yaliyochakaa kwa moshi hayaoti upya, lakini sasa anaweza kutembea mpaka kisimani bila kusimama njiani. Kijana alikuwa ameondoa bati moja juu ya jiko na kulipandisha kwa vipande vya mti, hewa ipite chini yake. Nilipokwenda kuwaangalia, moshi ulikuwa unatoka pale. Ukutani, juu ya kitanda chake, alikuwa bado amebandika picha ya motokari.