Kivuli Kitiwe kwa Kiasi

Katika gazeti letu la muhula uliopita nilichora katuni ya mwenzetu akipakua maharagwe. Mistari niliichora kwa kalamu, kisha kivuli nikakitia kwa kompyuta. Katika kioo uso ulikuwa na kijivu chepesi. Karatasini ulitoka mweusi tii, hata macho hayakuonekana. Mwenzetu alichekwa bwenini wiki nzima. Sikukusudia, walakini kosa ni langu, na hapa namtaka radhi.

Sababu yake ni hii. Mashine yetu ya kuchapia ina wino mweusi tu, haina kijivu. Kijivu tukionacho ni vitone vidogo vidogo vyeusi na weupe wa karatasi katikati yao, mfano wa karafuu zilizoanikwa jamvini: ukiwa mbali waona rangi moja, ukisogea waona moja moja. Karatasi ya rahisi hunywa wino. Vitone huvimba vikagusana, na kivuli kikawa giza.

Wako wasemao kompyuta iachwe kabisa. Mimi sikubaliani nao, maana hata kalamu, mkono ukizidi, huharibu. Ila yafaa tufuate mambo matatu: vivuli viwe viwili au vitatu tu, usoni kijivu kisizidi asilimia 30, tena karatasi moja ichapwe kwanza, aliyechorwa aitazame, ndipo zichapwe nyingine.

Hilo la mwisho ndilo kubwa. Wino ukishakauka haufutiki, na aliyechekwa hasahau upesi.