Mchuzi hauonji

Nilikuwa na miaka kumi na tatu, tumekaa mezani kwetu Longbridge, na shangazi kaja kutoka Tanga kapika samaki wa nazi. Nikataka kumsifu: "Shangazi, mchuzi wako unaonja vizuri sana." Akacheka mpaka akashika meza. "Mchuzi unaonja? Unamwonja nani?" Wote wakacheka. Mie pia nilicheka, halafu karibu miaka mitano nikawa namjibu kwa Kiingereza tu.

Kosa lenyewe, yaani, linaeleweka. Kiingereza kinatupa kitenzi kimoja kwa kazi zote. Kwa Kiswahili anayeonja ni mwenye ulimi: unachota kidogo na kijiko, unaonja kama chumvi imekolea. Mchuzi wenyewe hauonji, unanoga. Na ukiigundua iliki kwenye chai, unaisikia. Ndiyo, kusikia, kile kile cha masikio; hata harufu tunaisikia. Chai iliyopikwa kwenye kuni ina ladha ya moshi, na mboga isiyo na chochote ni chapwa (neno ninalolipenda mno, jaribu kulisema).

Aliyenifungua macho ni mwalimu wa Kihispania, jamani. Aliandika "me gusta" ubaoni akaeleza kwamba hapo mtenda ni chakula, wewe unapendezwa tu. Darasa likanung'unika. Mimi nikawaza: si ndiyo "kimeninogea" hiyo? Kisha "sabe a ajo", ina ladha ya kitunguu saumu, na "saber" hiyo hiyo ndiyo kujua. Wao ulimi unajua, sisi ulimi unasikia. Na mtu akichanganya, mwalimu alirudia sentensi ilivyo sahihi, tukaendelea.

Kwa hiyo sikubaliani na wenzangu wanaosema tumia "tamu" kwa kila kitu, inatosha. Pilau tamu, sawa. Lakini mtu kasimama jikoni saa tatu, kakuna nazi kwa mkono, anataka kusikia umeonja nini hasa. Na nyinyi wakubwa, tusahihisheni, tunaomba, ila kicheko kije baadaye, tukishalipata neno.

Mwaka jana shangazi alirudi. Nikaonja, nikamwambia, "Shangazi, umenoga, ila chumvi haijakolea."

Akanitazama. Akanisukumia kikopo cha chumvi. "Haya, tia wewe."