Jiko la Kutazamwa na Jiko la Kupikia

Neno jiko lina maana tatu ambazo kila mwanafunzi wa Kiswahili hana budi kuzijua. Kwanza, ni chombo cha kupikia. Pili, ni chumba ambamo chakula hupikwa. Tatu, watu wanaposema kwamba mwanamume fulani amepata jiko, humaanisha kwamba ameoa. Maana hii ya tatu inastahili kushutumiwa siku nyingine. Leo naichukua kama ushahidi tu. Lugha imekifunga chombo, chumba na mtu katika neno moja. Basi mwenye nyumba anayekarabati chumba na kununua chombo, kisha akamsahau mtu, amefanya theluthi mbili ya kazi na kuiacha ile iliyo kubwa.

Hapa Uganda, usahaulifu huo umekuwa mtindo wa ujenzi. Zitazame nyumba nyingi zinazokarabatiwa katika vitongoji vya Kampala. Ndani mna vigae vinavyong'aa, makabati meupe, na katikati yake jiko pana la chuma cha pua lenye plati tano na oveni ya mlango wa kioo. Karatasi ya kiwandani bado imebandikwa juu ya kioo hicho. Kisha zunguka uani. Huko, chini ya kibanda cha mabati, zimewekwa sigiri mbili za makaa. Matoke yanaiva juu ya moja, maharage yanatokota juu ya nyingine, na msichana wa kazi ameinama akipepea moto kwa mfuniko wa ndoo huku machozi yakimchuruzika. Jiko la ndani ni la kutazamwa. La uani ndilo la kupikia.

Nasema bila kumung'unya maneno: ununuzi wa namna hii ni anasa inayolipiwa na mtu mwingine. Mwenye nyumba hulipa mara moja kwa fedha. Mpishi hulipa kila siku kwa mapafu yake. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba hewa chafu ya majumbani ilisababisha vifo milioni 3.2 mwaka 2020, vikiwamo vya watoto zaidi ya 237,000 walio chini ya umri wa miaka 5. Wala tusijidanganye kwamba makaa ni salama kwa kuwa moshi wake hauonekani sana kama wa kuni. Makaa hutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoweza kumuua mtu katika chumba kilichofungwa.

Na makaa hayo hayakushuka kutoka mbinguni. Mnamo Mei 2023, Rais Yoweri Museveni alitoa amri iliyopiga marufuku uchomaji wa makaa ya biashara kaskazini mwa nchi, ikiwamo Acholi na Lango. Huko hukatwa hata miti ya shea, ambayo kina mama hukamua mafuta ya mbegu zake na kujipatia riziki. Ajabu ni kwamba tunailaumu serikali kwa misitu inayoteketea, huku magunia ya makaa yakiingia kwa mlango wa nyuma wa nyumba zenye oveni za kioo.

Najua majibu yatakayotolewa. La kwanza ni hili: "Fedha ni zangu." Kweli, na Katiba inakulindia mali yako. Lakini Katiba hiyohiyo ya mwaka 1995, katika kifungu cha 39, inampa kila Mganda haki ya kuwa na mazingira safi na yenye afya. Kifungu hicho hakisemi kwamba haki hiyo inakomea kwenye mlango wa uani.

La pili: "Umeme ni ghali." Aliyetoa mamilioni kununua pambo hana uso wa kulalamikia gharama ya kulitumia. Hata hivyo, na tupige hesabu. Mwaka 2022 ilianzishwa bei maalumu ya umeme wa kupikia kwa wateja wa nyumbani. Ilipoanza, kila yuniti kuanzia ya 81 hadi ya 150 kwa mwezi ilitozwa shilingi 412, ilhali zile za 16 hadi 80 zilizidi shilingi 700. Sasa chukua sufuria ya presha ya umeme yenye nguvu ya wati 1,000. Kwa saa nzima haiwezi kutumia zaidi ya yuniti moja. Tena hutumia pungufu, kwa sababu hujizima yenyewe joto linapotosha. Ndani ya saa hiyo maharage huwa yameiva. Chombo hicho si kizuri wa sura, na hakuna mgeni atakayekisifu, lakini humwondoa mtu kwenye moto.

La tatu: "Chakula cha makaa ni kitamu zaidi." Matoke yaliyofungwa katika majani ya mgomba huiva kwa mvuke. Mvuke haujui kama maji yake yalichemshwa kwa makaa, kwa gesi au kwa umeme.

Usinielewe vibaya, msomaji. Sihubiri ubaya wa sura. Mtu kupenda kitu kizuri nyumbani mwake si dhambi, na ikiwa jiko la fahari litawashwa asubuhi na jioni, na sigiri zikaondolewa, basi linunuliwe kwa furaha. Ninachokidai ni utaratibu wa matumizi. Kabla ya shilingi moja kwenda kwenye urembo, mpishi apate mahali pa kusimama badala ya kuinama. Apate dirisha au dohani ya kutolea hewa chafu. Nyaya zikaguliwe na fundi anayejua kazi yake, kwa maana oveni kubwa ya umeme huhitaji waya mnene na swichi yake pekee. Kinunuliwe chombo kinachoweza kupika chakula chetu cha kila siku. Fedha zikibaki, hapo ndipo uchague vitufe vya shaba.

Zaidi ya yote, anayepika aulizwe. Katika nyumba nyingi, mwenye fedha na fundi huketi wakapanga, na mpishi huitwa tu kuwaletea chai. Darasani tunafundisha kwamba raia ana haki ya kushirikishwa katika maamuzi yanayomgusa. Somo hilo ni maneno matupu ikiwa halivuki kizingiti cha nyumba zetu, likamfikia mama, nyanya na dada wa kazi.

Wewe mwanafunzi huna fedha za kukarabati jiko, lakini una ulimi, na sasa una Kiswahili. Mazungumzo hayo yakianza nyumbani, uliza kwa adabu: "Baba, nani atakayelitumia?" Swali hilo halimvunjii mtu heshima, na huenda likabadilisha orodha nzima ya manunuzi.

Wahenga walisema kwamba nyumba njema si mlango; fungua uingie ndani. Nami naongeza: ukishaingia, usiishie sebuleni. Pita hadi uani.